Kofia ya Sponji Mbili

Jamaa zangu, kaeni mkao wa kusikiliza. Hata wewe unayesema habari za ngumi hazikuhusu, keti. Una mtoto, una mpwa, una jirani.

Palikuwa na fundi nguo mmoja, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Mchana alishona sare na suruali. Mara tatu kwa wiki, jioni, alisukuma meza ya kukatia hadi ukutani, akatandika mikeka ya sponji sakafuni, na duka likageuka klabu ya ngumi na mateke, yeye akiwa kocha. Dada yake mkubwa alipiga pasi katika kona ya nyuma. Binti wa dada huyo, msusi wa miaka ishirini na moja, alisukia wateja barazani, na ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa klabu. Watu walimwita Nyigu. Mdogo wa umbo, humwoni akija, unashtukia umeshachomwa.

Jumatatu moja asubuhi wote watatu walikuwa kazini. Pasi inafuka mvuke, cherehani inanguruma, Nyigu anamsuka mama mmoja. Raha mustarehe.

"Mjomba, hiyo suruali ni ya mtu au ya tembo?"

"Ya mchumba wako. Alikuja jana nikampima, futi ya kupimia ikaisha."

Mteja alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akajitazama kwenye kioo, na kicheko kikakatika.

"We binti, mbona mistari inapishana? Huu umeishia sikioni!"

Nyigu aliitazama kazi yake kama kazi ya mtu mwingine. "Samahani, mama. Kichwa kizito tangu juzi. Nikiinama naona vitu viwiliviwili."

Juzi. Fundi alijua vizuri kilichotokea juzi. Mazoezini Nyigu alipigwa teke la shavuni, akakaa chini, akauliza, "Leo siku gani?" Watu walicheka, naye akacheka. Fundi alimpa maji, akampigia makofi, mazoezi yakaendelea.

Sasa sheria ya mchezo huo ni nyepesi kueleweka. Kila mchezaji ana daftari la afya. Akipigwa kichwani akachanganyikiwa, iwe mashindanoni au mazoezini, inaandikwa, anapumzika siku thelathini, na harudi mpaka daktari aseme. Lakini klabu ya fundi ilikuwa na desturi yake: ya mazoezini hawakuyaandika. Waliona ni kama kumshtaki mwenzao. Na mashindano yalikuwa Jumamosi ya wiki ileile, ambayo Nyigu alikuwa ameyasubiri mwaka mzima.

"Shida ni kofia," fundi alisema. "Sponji yake imelala."

Akaichukua kofia ya kinga ya Nyigu, akaifumua, akaongeza sponji ya pili, akaishona kwa uzi wa mahema. Akaigonga kwa ngumi yake mwenyewe. "Hii ukigongwa na lori, lori ndilo litalazwa."

Nyigu alicheka. Mama yake hakucheka.

"Mtoto anaona viwiliviwili, wewe unamshonea kofia? Mpeleke hospitali."

"Dada, wewe shughulika na nguo. Kichwa niachie mimi."

Nawaambia, jamaa zangu, hakuna neno alilowahi kusema mtu huyo ambalo angelipa maisha yake kulimeza tena, isipokuwa hilo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mlangoni palikuwa na meza, na daktari wa mashindano, mama mwenye miwani, alimuuliza kila mchezaji maswali yaleyale.

"Mwezi huu umepigwa kichwani? Kizunguzungu? Kutapika? Kusahau?"

 Nyigu alimgeukia mjomba wake. Lilikuwa jicho la mtu anayeomba ruhusa, na iwe ruhusa ya kusema kweli au ya kuificha, angeipokea. Fundi aliinama, akaanza kukagua mshipi wa kofia, mshipi ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Hapana, daktari," Nyigu alisema.

"Kocha, ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo, daktari. Mzima kama chuma cha pua."

Akatia sahihi.

Raundi ya kwanza Nyigu alimzunguka mpinzani wake kama anamsuka. Watu walisimama juu ya viti. Raundi ya pili, katikati, ilikuja ngumi moja ya paji la uso. Ngumi ya kawaida, ya kugusa, kama sheria za mchezo wa ridhaa zinavyotaka. Haikumsukuma hata hatua. Fundi alipumua, akajisemea, kofia imefanya kazi.

Nyigu akashusha mikono. Akaigeukia kona yake akitabasamu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mjomba, pambano langu saa ngapi?"

Kisha akaanguka.

Mwamuzi alianza kuhesabu. Alipofika sita akaona macho yake, akaacha, akapunga mikono yote miwili kuita machela.

Hospitalini walimfungua fuvu kupunguza uvimbe. Daktari aliyetoka kuzungumza na familia aliikuta ile kofia mapajani mwa fundi.

"Hii nani ameshona?"

"Mimi."

"Umeshona vizuri. Inazuia ngozi isichanike. Lakini ubongo uko ndani, baba. Kichwa kikitikisika, nao unajigonga kwenye mfupa. Ulikuwa haujapona pigo la kwanza, ndiyo maana hili dogo limetosha. Ungemvika hata godoro, ingekuwa hivihivi."

Dada alisikia.  Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, na mdogo wake hakuthubutu kumfuata.

Nyigu hakufa. Yupo. Anakaa barazani kwenye kiti cha wateja, mkono wa kulia umelala mapajani, haushiki hata kitana. Kila baada ya muda anainua uso na kuuliza, kwa adabu, pambano lake ni saa ngapi. Mwanzoni fundi alimjibu, "Limekwisha, mwanangu, ulishinda." Nyigu alifurahi! Mnaona furaha ile? Kisha ikafutika usoni, na baada ya dakika chache akauliza tena. Sasa fundi humjibu, "Bado," na sauti yake mwenyewe inamtisha.

Mikeka aliitoa, klabu ikafa. Lakini akiwa kwenye cherehani hujikuta anahesabu mishono. Moja, mbili, tatu. Akifika sita mguu unagoma. Nguo za watu zinachelewa, nao hawajui kwa nini.

Siku moja akaja kocha wa klabu nyingine, jamaa mchangamfu, amebeba kofia nne kwenye mfuko.

"Fundi, nasikia unaongeza sponji. Nifanyie hizi kabla ya Jumamosi. Hasa hii nyekundu. Mwenyewe alipigwa kidogo wiki iliyopita, analalamika mwanga unamuumiza macho. Uoga tu wa mechi."

Fundi aliacha kazi. Akamshika mkono, akampeleka barazani, akamkalisha mbele ya Nyigu.

Nyigu aliinua uso. "Shikamoo, kocha. Wewe ndiye mwenye ratiba? Pambano langu saa ngapi?"

Yule kocha aliweka mfuko wa kofia chini. Alimtazama fundi, fundi akawa anatazama barabarani.

"Alilalamika nini?" kocha aliuliza mwishowe.

"Kichwa kizito."

Kocha aliokota mfuko wake. Aliondoka karibu anakimbia, simu sikioni, na fundi akamsikia akisema: "Vua glovu. Nimesema vua. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Funzo

Jamaa zangu, pigo la kichwa likimchanganya mchezaji, liandikeni, hata kama limetokea mazoezini, hata kama mlicheka. Mpumzisheni siku zote zilizowekwa, na asirudi kwa neno la kocha, wala la mama, wala lake mwenyewe. Arudi kwa neno la daktari. Kofia hukinga ngozi tu. Na daktari akiuliza pale mezani, nyinyi wakubwa jibuni kweli, kwa sababu mtoto atawatazama nyinyi kwanza.

Yule mpinzani wa Nyigu alichunguzwa, akaonekana hakuvunja sheria hata moja. Aliyevunja alikuwa kwenye kona yake Nyigu, ameshika taulo.