Pima ya Mwanalima

Pale kambini Mombasa, sisi Wabajuni tuliokimbia vita vya Somalia tulimjua Mwanalima kwa ukili, ule ukanda wa majani ya miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Kule kisiwani kwetu Ngumi aliacha nyumba na sufuria. Vidole alikuja navyo, na havikutulia. Akishasuka hunyoosha mikono yote miwili, akaupima ukili: pima moja, pima mbili.

Alikuwa akisuka mkeka wa harusi ya bintiye, Marwa, alipopata saratani ya titi. Hospitali walimtoa titi la kulia. Alirudi amekonda, lakini hai, alhamdulillahi.

Mumewe, Gharibu, akamfunga mkono kwa leso.

"Usiusogeze, Mama Marwa. Kidonda kisije kikafumuka."

Majirani nao walimfulia, wakampikia. Kidonda kilipona, lakini bega lilikaza. Siku alipojaribu kupima ukili, mkono ulikomea kiunoni. Akalia.

"Titi lilikwenda, nikashukuru Mungu," alisema. "Lakini mkono? Mimi ni mchu wa kazi, mtu asiyekaa bure. Marwa ataolewa bila mkeka wangu?"

Gharibu alimrudisha hospitali. Bushra, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimkagua, akaifungua leso.

"Baba, umemtunza kwa mapenzi," alisema. "Lakini mkono usiposogezwa, bega hukaza. Wengine huanza mazoezi siku chache tu baada ya kupasuliwa, mtaalamu akiruhusu."

"Na akiumia?"

"Kuvutika kidogo ni kawaida. Maumivu yakiwa makali, apumzike. Mkono ukivimba au ukiwa wa moto, mleteni upesi. Na ndoo za maji asibebe kwanza."

Akamsimamisha mbele ya ukuta. "Pandisha vidole polepole, kama kaa apandavyo jiwe. Ukifika mwisho, tia alama ya mkaa. Kisha shusha polepole. Fanya kila siku."

Chumba changu na cha Mwanalima vilitenganishwa na ukuta wa udongo. Kila asubuhi nilisikia vidole vikikwaruza. Siku nyingine nilisikia kilio, kisha vidole tena. Mwanamke yule ana moyo, nasema kweli. Mimi jino likiniuma tu, sitoki kitandani. Gharibu naye akawa msimamizi.

"Kaa amepanda leo?"

"Amepanda. Wewe umeteka maji?"

Alama za mkaa zikapanda hadi juu ya kichwa chake. Ukili ukaisha kusukwa. Tukakusanyika kumtazama akipima. Alishika ncha kwa mkono wa kushoto, akaunyoosha wa kulia. Ulikwenda polepole, ukafika mwisho.

"Pima moja," alisema.

Gharibu alikuwa na leso ile ile begani. Akajifutia machozi.