Swichi Iliyokunywa Maji

Simu ya karakana ililia Alhamisi saa nne asubuhi, mvua ya masika ikipiga bati kama ina kisa nalo.

"Nina mgonjwa," ilisema sauti ya mwanamke. "Amejaa maji kifuani."

"Yuko wapi?"

"Temeke. Mtu mrefu, wa ghorofa nne."

"Ana muda gani?"

"Jumamosi hafiki."

Simu ikakatwa.

Anselmo Nandonde akafunga sanduku lake la vifaa. Sauti ile ilikuwa ya Kokushubila, mpiga chapa wa wakili mmoja mjini, na pia kichwa cha kikosi cha siri ambacho ndani ya Chama kizima cha kudai uhuru kilijulikana na watu watano tu. Anselmo, fundi wa lifti aliyejifunzia umeme jeshini kule Burma, alikuwa mmoja wao. Mwaka huo wa 1957, Temeke nzima ilikuwa na jengo moja tu la ghorofa nne: bohari la kando ya reli. Na Jumamosi ilikuwa siku ya mkutano wa hadhara wa Chama.

Akapanda baiskeli yake ya Raleigh, akakanyaga matope. Chini ya spana, ndani ya kitambaa chenye grisi, ililala bastola ya Webley yenye risasi sita.

Mwishehe ndiye aliyempokea mlangoni. Mwendesha lifti, miaka hamsini na ushee, kofia nyekundu, koti lenye vifungo vya shaba. Kwa miaka minane alikuwa akiwapandisha na kuwashusha Wazungu ambao hawakuwahi kumuuliza hali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Njoo uione bahari yetu."

Wakainama kwenye ukingo wa shimo la lifti. Maji meusi yalikuwa yamebakiza shubiri moja kufika sakafu ya chini, na chini yake kulikuwa na kina cha watu wawili waliosimamiana mabegani. Chokaa ilikuwa imebanduka ukutani. Reli za kizimba, kile chumba cha kupandia watu, zilikuwa zimeliwa na kutu.

Hapo hapo, kwa sauti ya chini, mzee, ambaye ndiye aliyempelekea Kokushubila habari, akamweleza yote. Masanduku manne yalikuwa yamepandishwa ghorofa ya nne, na moja lilipasuka kona. Akachungulia. Baruti, vijiti vimelala kama mishumaa, na mkoba wa fataki za kuilipulia. Mwenyewe ni Hartog, Kaburu aliyeletwa kutoka kusini na walowezi wasiotaka kulisikia neno uhuru. Mzigo ule ungewekwa chini ya jukwaa la Jumamosi. Kisha ingetangazwa kwamba Chama kimejilipua kwa bomu lake chenyewe.

"Polisi?"

"Inspekta alikunywa naye chai jana. Mie ndiye niliyewapelekea vikombe."

Mvua ndiyo iliyowachelewesha. Maji yalijaa shimoni, lifti ikafa, masanduku yakakwama juu. Hartog alikuwa ametoa muda hadi saa kumi alasiri. Baada ya hapo wapagazi wangeyashusha kwa ngazi.

Anselmo akavua shati.

Akakausha nyaya kwa moto wa stovu ya Primus. Akabadilisha fyuzi. Akasugua kutu mpaka vidole vikachubuka. Mwisho akafungua kisanduku cha swichi ya chini, ile inayokata umeme kizimba kinapofika sakafu ya chini. Maji ya rangi ya chai yakamwagika. Vyuma vya ndani vilikuwa vimeshikana kwa kutu, vimekuwa kitu kimoja.

Swichi ile ikifa, hakuna kinachokizuia kizimba kuzama ila mkono wa mwendeshaji kwenye usukani.



Anselmo akarudisha kifuniko, akakaza skrubu, akaiacha kama ilivyo.

Mpango aliomweleza Mwishehe ulikuwa mwepesi. Masanduku yapakiwe, Mwishehe atoke, usukani ufungwe kwa waya, kizimba kishuke peke yake hadi shimoni. Fataki zikilowa ni takataka. Baruti bila fataki haina tofauti na udongo.

Saa tisa u nusu lifti ilipanda hadi juu bila kukohoa, Mwishehe na Anselmo ndani. Wapagazi wakapakia masanduku, wakaondoka, akabaki karani wa bohari akiandika kwenye daftari. Ndipo Hartog akaingia kizimbani mwenyewe, mkoba wa fataki kifuani, bastola ya Luger kiunoni, saa ya chuma mkononi.

Mpango ukafa palepale.

Anselmo alikuwa na Webley. Lakini risasi moja kwa Mzungu, na kesho Temeke nzima iko rumande na mkutano umepigwa marufuku. Akajaribu ukweli.

"Bwana, swichi ya chini imeharibiwa na maji. Afadhali ushuke kwa ngazi."

Hartog akacheka. "Wewe iko fundi ama iko mama yangu? Ngazi ni ya maboi." Akamnyooshea Mwishehe kidole. "Wewe, endesha."

Mzee akavuta geti la wavu nusu. Anselmo akamsogelea, kana kwamba anakagua bawaba, akamnong'oneza kwa Kizaramo.

"Simamisha chini. Tutatafuta njia nyingine."

"Njia ipi, mwanangu? Jumamosi ni keshokutwa."

"Mzee, toka."

"Nikitoka atajua." Mwishehe akaiweka sawa kofia yake. "Mwajabu umwambie wewe mwenyewe. Mke wangu asije akaambiwa na polisi."

Geti likafungwa.

Anselmo akashuka ngazi za chuma, vidato vitatu vitatu. Ghorofa ya tatu. Ya pili. Kamba za lifti zikivuma ukutani kando yake. Alipofika chini, kizimba kilikuwa kikipita mbele ya mlango bila kupunguza mwendo. Akamwona Hartog akimpiga mzee kwa kitako cha Luger.

Mkono wa mzee haukuachia usukani.

Maji yakapokea kizimba. Taa ikazimika, fyuzi ikaungua kwa mlio mkavu, mota ya juu ikanyamaza. Hakukuwa tena na namna ya kukipandisha.

Anselmo akajitupa.

Gizani, kwa kupapasa, akafungua kidirisha cha paa la kizimba. Mkono ukamkamata kifundo cha mkono. Ulikuwa na saa ya chuma. Akaubandua kidole kimoja kimoja, akausukuma chini. Akapenya, akapapasa tena, akazipata kofia na bega lililolegea. Akavuta. Vidole vya mzee vilikuwa vimefunga kwenye usukani, na pumzi ya Anselmo ilikuwa imekwisha.

Akarudi mara tatu. Mara ya tatu akaja juu mikono mitupu, akakaa sakafuni.

Karani yule, Ansbert, alikuwa amemfuata kwa ngazi, daftari mkononi.

"Nilimwambia nini yule Mzungu?" Anselmo aliuliza.

"Ashuke kwa ngazi. Nilikusikia."

"Ukiulizwa, sema hivyo hivyo."

Ansbert akafungua daftari lake. Akauliza lifti itachukua muda gani kutengenezwa.

"Andika wiki tatu. Kama mvua itakatika."

Anselmo akavaa shati juu ya ngozi iliyolowa, akabeba sanduku lake, akapita mbele ya lori la Bedford lililokuwa likisubiri mzigo. Dereva akamuomba moto wa sigara. Akampa kiberiti chote.

Nyumba ya Mwajabu ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli.

Aliikokota.