Mlango wa Nyuma, Kushoto

Fundi wa viti vya magari wa mtaa wetu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyemlea peke yake tangu mama yake afariki. Binti mwenyewe mtani kwelikweli. Hakuwahi kumwita baba. Tangu anajifunza kusema alimwita "Fundi wangu", na mzee alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe.

Siku mbili kabla ya harusi ya binti, jirani yao mmoja, mwalimu mstaafu, alileta karakanani gari lake la kizamani, rangi ya maziwa, ili limbebe bibi harusi. Vitambaa vya ndani ya milango vilikuwa vimechanikachanika.

"Rekebisha milango mitatu," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Huu wa nyuma kushoto uache ulivyo."

"Una nini?"

"Uache tu, ndugu yangu."

Fundi akaguna. Mwanawe apande gari lenye mlango mmoja mararu? Watu wangesema mganga hajigangi.

Kesho yake akaanza. Unafungua mkono wa kupandishia kioo, kisha kishikio, kisha unapitisha bisibisi bapa pembeni mwa ubao na vibanio vinaachia kimoja kimoja. Ta. Ta. Ta. Kufika saa sita mchana, mitatu ilikuwa tayari. Akauendea wa nne.

Ubao wake ulikuwa hadibodi iliyooza, ukamvunjikia mikononi. Nyuma yake, juu ya matundu ya bati, palibandikwa nailoni ya kuzuia maji. Nailoni ilikuwa inatuna. Kisha inanywea. Inatuna. Inanywea. Karakanani hapakuwa na upepo wa kutikisa hata unyoya. Akaigusa. Ilikuwa na joto, na kwa ndani ilikuwa na unyevunyevu.

Alipookota vile vipande akavitupe, aliona maandishi ya penseli. Akaviunga sakafuni. Ulikuwa mwandiko wa marehemu mjomba wake, aliyemfundisha kazi: "Ubao huu usitolewe. Aliyemo humu anasubiri wa kubadilishana naye."

Akayasoma tena. Lakini maji yalishamwagika. Akakata hadibodi mpya, akayanakili maneno yale yale kwa mkono wake, akafunga. Jioni akamwambia binti, "Kesho ukae upande wa kulia. Niahidi."

"Fundi wangu, umeanza ushirikina uzeeni?" Binti akacheka, lakini akaahidi.

Siku ya harusi, fundi alitangulia ukumbini. Gari lilipofika, binti alikuwa amekaa kushoto, licha ya ahadi yake. Mlango ukafunguka. Hakuna aliyekuwa ameugusa.

Wakati wa kutia saini cheti cha ndoa ulipofika, bibi harusi akaishika kalamu kwa mkono wa kulia.

Fundi akautazama ule mkono. Mwanawe alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto tangu utoto. Walimu walimchapa mpaka wakachoka wenyewe.

"Hongera, mwanangu," alimnong'oneza.

"Asante, mzee."

Mzee. Hakuwahi kumwita hivyo.

Akatoka nje. Fundi hatembei bila bisibisi. Jua la saa nane lilikuwa kali, watu wanacheka barazani, naye amepiga magoti mlangoni mwa gari. Ta. Ta. Ta. Akaugeuza ubao. Maneno yake yalikuwepo. Chini yake palikuwa na mwandiko mwingine, uliolalia kushoto, aliokuwa akiujua tangu darasa la kwanza.

"Fundi wangu, nifungulie. Humu kuna giza."

Akaichana nailoni. Akaingiza mkono mpaka begani. Bati tupu. Akalia pale pale kama mtoto, na waliomwona walidhani ni uchungu wa kuozesha.

Gari halikurudi kwa mwalimu. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuliulizia. Mpaka leo limo karakanani, na fundi ameubandika ule mlango nailoni mpya, nayo ikawa inatuna na kunywea. Yule aliyeolewa huja kumwamkia kila Jumapili, hukaa mbali na gari, hutabasamu.

Kila jioni fundi huweka penseli mpya ndani ya mlango, na juu ya ubao huandika: "Nipo hapa, mwanangu." Kila asubuhi alikuwa akikuta jibu, na penseli imepungua.

Leo asubuhi penseli ilikuwa ndefu vile vile alivyoiweka, na nailoni ilikuwa imetulia, haituni wala hainywei.