Chiriku Aliponyamaza

Nyumba ya fundi cherehani haikukosa kelele. Cherehani ililia tangu asubuhi, na binti yake wa miaka kumi na mitano aliongea kuishinda. Ndiyo maana walimwita Chiriku. Alisimulia mambo ya shule, ya majirani, hata ugomvi wa paka.

Kisha ugonjwa ukaingia, ukaenea kila mahali. Shule zikafungwa. Baba yake Chiriku, ambaye ni kinyozi, akafunga duka lake. Mama aliacha kushona magauni, akawa anashona barakoa.

Mara bibi, mama mzazi wa baba, akaugua. Akafia hospitalini. Alizikwa na watu wachache tu, na Chiriku hakuruhusiwa kwenda. Tangu hapo, akanyamaza.

Mama alidhani ni msiba, utapita. Lakini wiki zilikwenda. Chiriku alishinda kitandani mchana, na usiku hakupata usingizi. Sahani yake ilirudi jikoni vilevile ilivyotoka. Rafiki zake walipiga simu, akaiacha iite mpaka ikachoka.

"Uvivu tu huo," alisema baba.

"Baba Chiriku, uvivu haumkondeshi mtu," mama alimjibu.

Jirani yao alikuwa muuguzi. Siku moja alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua.

"Dada, mbona kimya huko kwako?" aliuliza. "Siku hizi nasikia cherehani tu."

Mama alisimama mbali kidogo, akamweleza yote. Muuguzi akaliweka chini beseni la nguo.

"Kuhuzunika kwa msiba ni kawaida," alisema. "Lakini wiki zinapita, mtoto hali, halali, hataki hata vitu alivyovipenda. Huenda ni ugonjwa, dada. Akili nayo huugua kama mwili, na hutibiwa."

"Sasa nifanyeje? Nimemgombeza, nimembembeleza, wapi!"

"Kaa naye. Muulize, kisha usikilize. Usimwambie ajikaze. Na umuulize wazi kama anawaza kufa."

Mama alishtuka. "Si nitamtia wazo hilo kichwani?"

"Hapana, humtii wazo. Unampa nafasi ya kuutua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Niite saa yoyote."

Mama hakungoja kesho. Alizima cherehani, akaingia chumbani. Pazia lilikuwa limefungwa. Akaketi sakafuni, kando ya kitanda.

"Mwanangu, naona unaumia. Sikuja kukugombeza. Niambie, kuna nini?"

Mama alitamani kusema neno, akajizuia. Mwishowe sauti ndogo ikatoka chini ya shuka.

"Mimi ndiye niliyemuua bibi. Nilikwenda kumwona huku nakohoa. Kisha akaugua."

Mama akasogea karibu. Akaushika mkono wa binti yake. "Mwanangu, je, unawaza kufa?"

"Mara nyingine. Natamani nilale, nisiamke."

"Asante kwa kuniambia. Hatutakuacha peke yako na jambo hili."

Baba alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia. Aliingia taratibu, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Na mimi nilimtembelea wiki ileile," alisema. "Kila siku najiuliza kama ni mimi. Bibi yako naye alikwenda sokoni kila asubuhi, nikamkataza mpaka nikachoka. Hakuna ajuaye aliupata wapi. Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mvivu, kumbe tunaugulia jambo moja."

Chiriku akalia. Baba naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Walimwita muuguzi jioni ileile. Aliwaambia wafungie dawa zote kabatini, na mama alale chumba kimoja na binti yake. Asubuhi aliwapeleka kituo cha afya, kwa mshauri.

"Ugonjwa uliomchukua bibi hupita kwa watu bila wao kujua," mshauri alimwambia Chiriku. "Ulikwenda kwa bibi kwa sababu ulimpenda. Hilo si kosa."

Walionana naye kila wiki, mara nyingine kwa simu. Nyumbani, walikula pamoja. Asubuhi Chiriku alitembea na baba yake, barakoa usoni. Zilikuwepo siku nzuri na siku mbaya. Siku mbaya alisema, "Mama, leo kichwa kizito," na mama aliiacha kazi akamsikiliza.

Mshauri aliwashauri wamuage bibi kwa namna yao. Basi Jumapili moja walikaa sebuleni, watatu tu, picha ya bibi mezani.

"Nianze mimi," alisema Chiriku.

Akasimulia jinsi bibi alivyowaibia wakicheza karata, akificha kadi ndani ya kilemba. Akaiga sauti yake: "Mimi? Niibe? Na uzee huu?" Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Chiriku akaendelea na kisa kingine, kisha kingine. Chakula kikapoa mezani, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.