Chembe za Kifutio

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, likizo ya Agosti, na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kwa nguvu Mambrui, pwani ya Kenya. Kila asubuhi Mahira na Abigael, wanafunzi wa gredi ya saba, walimsaidia Daktari Nyevu, mtaalamu wa vitu vya kale, katika chumba alichokodi karibu na magofu. Abigael aliandika vibandiko. Mahira alifagia na kuteka maji.

Siku hiyo Mahira aliporudi na ndoo, Daktari alikuwa nje akizungumza kwa simu. Mezani palikuwa na kipande cha ngozi kilichofukuliwa katika kisima cha kale, na kando yake karatasi yenye chembe za kifutio. Mahira aliyachukia mavumbi. Akaikung'uta karatasi dirishani, upepo ukazichukua chembe zote.

"Umetupa nini?" Abigael akauliza.

"Uchafu wa kifutio."

"Ule si uchafu. Daktari amekisugua kifutio juu ya ngozi polepole, ili chembe zibebe protini za ngozi hiyo. Maabara ndiyo itakayosema ni ngozi ya mbuzi, ng'ombe au paa. Tena amesema upande ule hauwezi kusuguliwa mara ya pili."

Mahira akaitazama karatasi tupu. Daktari angemfukuza, na nyumbani angesema nini?

"Nipe kifutio chako," alinong'ona.

Alivua kubadhi lake moja la ngozi, akausugua ukanda wake mpaka karatasi ikajaa chembe.

"Basi tutaambiwa watu wa kale walivaa makubadhi ya dukani Malindi," Abigael akasema, lakini hakucheka.

Daktari aliingia, akazitia chembe katika kichupa, akakifunga na kukiandika tarehe. Laban wa bodaboda alikuwa amekwisha kufika ili akipeleke Kilifi, kitumwe maabara. Alikitia kichupa mkobani, akawasha pikipiki.

"Mjomba Laban, ngoja," Mahira akaita. "Daktari, nisamehe. Hizo ni chembe za kubadhi langu."

Akaeleza yote. Daktari Nyevu akaigeuza ngozi kwa kibanio.

"Upande huu wa chini niliwaachia wataalamu watakaokuja na mbinu bora kuliko zangu. Leo itabidi niusugue mimi." Akamtazama Mahira. "Ulipokung'uta karatasi, ulikosea kwa kutojua, na kosa hilo lina dawa. Ungenyamaza, maabara ingenijibu kuhusu kiatu chako, nami ningeyaandika hayo kitabuni kuwa ni habari za ngozi ya kisimani. Watoto wenzako wangeusoma uongo huo, na hakuna ambaye angejua. Kabla ya kufagia meza ya mtu, uliza. Ukikosea, sema siku ile ile."

"Naam, Daktari."

Laban aliondoka na kichupa kingine.

Kesho yake, kabla hajaushika ufagio, Mahira alimwekea Abigael kifutio kipya mkononi, badala ya kile kilichogeuka rangi ya kahawia.

"Hiki usikipeleke miguuni," Abigael akasema, akakitia mfukoni.