Mota Kumi na Nne

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024. Lusahunga iliamka na ukungu mzito, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Malori ya kwenda Rusumo yalipita polepole, taa zikiwaka.

Ntakirutimana alikuwa fundi umeme. Alikuwa Mhangaza wa Ngara, ila alihamia Lusahunga miaka kumi iliyopita pamoja na mkewe, Eustakia. Alikuwa ametandaza nyaya katika nyumba nyingi, kuanzia Nyamigogo mpaka Bisibo. Kazi zake alizipangia bei kwa pointi. Taa ni pointi moja, soketi ni pointi moja. Watu walimwamini.

Asubuhi hiyo makaratasi ya zabuni yalikuwa mezani, kando ya vikombe vya chai. Kiwanda cha kukoboa mpunga na kusaga mahindi kilikuwa kikijengwa karibu na njia panda. Mwenye kiwanda alitafuta mtu wa kuweka umeme wote. Mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa Ijumaa.

"Baba Priscila, umeshaamua?" aliuliza Eustakia.

"Tulisali novena siku tisa nipate kazi kubwa. Siku ya tisa makaratasi haya yakafika. Niamue nini tena?"

Eustakia aliinamisha macho. Mara wakasikia hodi. Alikuwa Bulugu, fundi mwenzake, Msukuma aliyetoka Shinyanga.

"Wahangaza bado mnakunywa chai! Kwangu ng'ombe wameshafika malishoni."

"Ng'ombe gani?" Ntakirutimana akamjibu. "Mwaka wa nne huu tunasikia habari zao tu, hata mkia hatujauona."

Walicheka. Kisha Bulugu akaketi na kushusha sauti. "Mafundi saba tumekubali. Tutafanya ikibiri, kama mnavyolima maharage kwenu Ngara. Leo kwako, kesho kwangu. Wewe utatoa chakula, sisi tutatoa mikono. Kiwanda kitaisha mwezi mmoja."

"Kati ya hao saba, wenye leseni ni wangapi?" aliuliza Eustakia.

"Mmoja tu, ndiye mimi. Lakini jembe nalo lina leseni, shemeji?"

Hakuna aliyecheka. Eustakia alimgeukia mumewe. "Kabla hujatia sahihi, mwone Mama Leonsia. Nakuomba."

Leonsia alikuwa amefanya kazi ya umeme viwandani miaka thelathini. Baada ya kustaafu, alifundisha umeme jioni katika ukumbi wa parokia. Ntakirutimana alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mchana ule alimfuata nyumbani kwake, akamweleza zabuni na mpango wa ikibiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekwenda kukiona hicho kiwanda?"

"Nimeona mchoro."

"Basi twende. Mchoro hauna vumbi."

Walitembea hadi kiwandani. Ndani, mafundi mitambo walikuwa wakifunga mashine. Leonsia alisimama katikati ya ukumbi.

"Hizi mota kumi na nne umezipigiaje bei?"

"Kila mota nimeihesabu kama pointi kumi."

"Mota si taa, hata ukiizidisha mara kumi. Inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi kuliko ikishatulia. Waya mwembamba utapata moto. Na hapa ndani kutajaa pumba na vumbi la unga. Cheche moja inatosha kulipua vumbi hilo. Leseni yako inakuruhusu nini?"

"Umeme wa njia moja. Wa nyumba."

"Na kiwanda hiki?"

"Njia tatu, umeme wa mitambo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini Bulugu anamjua mtu Mwanza. Ataniazima leseni yake."

"Siku mtu akinaswa na umeme, huyo wa Mwanza atakuwa hapa?"

Leonsia aliweka mkono juu ya mashine moja.

"Kuna kiwanda nilifanya kazi zamani. Mafundi watano waliunga nyaya kwa siku moja, kwa haraka. Waya mmoja wa ardhini, ule unaomkinga mtu asinaswe, haukuungwa. Mama aliyekuwa akifagia pumba aliishika mashine, akafa. Tulipouliza nani aliacha waya ule, kila mmoja alimtazama mwenzake. Shamba likilimwa vibaya, utalirudia. Yule mama hatukuweza kumrudia."

Alifuta vumbi mikononi.

"Kazi kubwa unaiomba kama leseni inakuruhusu, umefika mahali penyewe, una vifaa vya kupimia, na una watu unaoweza kuwajibika kwa kazi yao. Kimoja kikikosekana, unaiacha. Au unaomba sehemu unayoiweza, chini ya mwenye kibali."

Ntakirutimana alirudi nyumbani akiwa mnyonge. Alimweleza mkewe yote.

"Na novena yetu je?" aliuliza. "Tulisali bure?"

"Mimi sikumwomba Mungu kiwanda," alisema Eustakia. "Nilimwomba riziki ambayo haitamliza mtu."

Walipiga magoti, wakasali. Alhamisi Ntakirutimana aliwaita mafundi wote saba. Aliwaambia kwamba hataomba zabuni ile.

Niyongabo, aliyetoka Ngara, alisimama kwa hasira. "Nimeacha kazi kwetu kwa neno lako! Umekuwa mwoga?"

"Ndiyo, naogopa. Niliwaita kabla ya kujua ninachowaitia. Kosa ni langu. Nisameheni."

Niyongabo aliondoka bila kuaga. Bulugu alibaki, akikuna kichwa. "Kumbe jembe ni jembe tu, na umeme ni umeme," alisema.

Siku hiyohiyo Ntakirutimana alimwandikia mwenye kiwanda barua. Aliomba kwamba kampuni itakayoshinda impe kazi ya ofisi na nyumba ya walinzi, ambazo zingetumia umeme wa njia moja. Mwezi Januari kampuni iliyoshinda ilimwita. Injinia wake alimtaka apime kila waya na kuandika jina lake penye vipimo. Bulugu, mwenye leseni pia, alifanya kazi pamoja naye. Niyongabo alirudi, akapokelewa kama msaidizi, na jioni akaanza kusoma kwa Mama Leonsia.

Aprili 2025 kiwanda kiliwashwa. Mota zilianza moja baada ya nyingine. Hakuna waya uliopata moto. Kina mama wa kuchambua mpunga waliingia kazini wakiwa salama. Injinia alimwambia Ntakirutimana kwamba kampuni ingemhitaji tena Biharamulo mjini, na akamshauri asomee leseni ya njia tatu.

"Utaisomea?" Niyongabo aliuliza mbele ya wote. "Au zabuni nyingine ikija utatuita tena kwa pupa?"

Eustakia, Leonsia, Bulugu na wafanyakazi walikuwa wakisikiliza. Ntakirutimana alivua kofia.

"Nitaisomea. Na mbele yenu na mbele ya Mungu ninaahidi: sitaomba kazi ambayo leseni yangu hairuhusu, wala sitawasha umeme ambao sijaupima kwa mkono wangu. Niyongabo, ukiniona navunja ahadi hii, simama mlangoni unizuie."