Jitu la Ukumbini

Kila Jumamosi Bilhah alibeba kikapu cha nguo zilizopigwa pasi, akapita kati ya michai hadi nyumba ya msimamizi wa shamba. Mama yake, Mellen, ndiye aliyekuwa dobi wa nyumba hiyo. Siku hiyo mpishi hakuwapo jikoni, basi Bilhah akaingia ukumbini mwenyewe.

Ukutani palikuwa na picha mpya, iliyochapwa kwa bamba la shaba, mistari myeusi mitupu. Ilionyesha njia ndefu kati ya kuta mbili. Mbele alisimama mtoto, na mbali nyuma yake, jitu lililonyoosha mkono. Bilhah aliona linamjia yeye! Alitoka mbio akipiga mayowe, na nguo zote zikamwagika topeni.

"Mbwa wa mzee Atuti alinifukuza," alimwambia mama yake. Angesemaje kwamba amekimbia karatasi? Mellen akaenda kumweleza memsahibu, mke wa msimamizi, kwa nini nguo zimechafuka.

Alasiri mzee Atuti, mlinzi wa pale, alikuja kwao machozi yakimlengalenga. "Mama Bilhah, memsahibu amesema mbwa yangu ipigwe risasi kesho. Nimeilea tangu ikiwa ndogo."

Bilhah aliwaza. Akisema kweli, atarudishwa mbele ya jitu. Akinyamaza, mbwa atakufa bure.

"Mama, nilidanganya! Niliogopa picha."

Mellen hakumpiga. Alimshika mkono, wakaenda wote watatu. Memsahibu alisikiliza, kisha akawapeleka ukumbini. Bilhah alijificha nyuma ya mama yake.

"Hapana ogopa," alisema memsahibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe pima mtoto, halafu pima ile mtu kubwa."

Mellen alitoa kibanio cha nguo mfukoni. Bilhah alikiweka juu ya mtoto, akabana kwa ukucha pale kichwa kilipofikia. Kisha akapima jitu. Kichwa chake kilifika pale pale kwenye ukucha!

"Mama, wako sawa!"

Alitazama tena. Kuta zilikaribiana kule nyuma, kama mistari ya michai inavyobanana kuelekea msitu wa Mau. Hilo ndilo lililompa yule wa mbali ukubwa asiokuwa nao. Bilhah alicheka, akarudia kupima.

"Mbwa yako iko salama," memsahibu alimwambia Atuti.

Nje, Mellen alisimama. "Macho yako yalidanganywa, Bilhah, na hilo si kosa. Mimi pia niliona jitu. Lakini mdomo wako ulidanganya wenyewe. Siku nyingine ukiogopa, sema umeogopa."

Atuti alimfungua mbwa. Mbwa akaenda moja kwa moja kwa Bilhah, akamlamba mkono, na Bilhah akaangua kilio.